Tiba ya kicheko kwa wanafunzi wa uuguzi: inapunguza msongo wa mawazo, lakini kwa masharti gani?

Mkufunzi wa Kliniki (mwanzisha uzi)

Wadau wa jukwaa la afya, salaam.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi na ukunga cha ngazi ya stashahada, na sehemu kubwa ya kazi yangu huifanyia wodini nikiwa na wanafunzi. Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu wakufunzi wenzangu wameanza kuniuliza kuhusu tiba ya kicheko, wengine wakiwa na matumaini makubwa kupita kiasi na wengine wakiona ni mchezo usiofaa kuingizwa chuoni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kicheko kinachofanywa kwa makusudi, kwa ratiba na kwa hiari kinamsaidia mwanafunzi kupunguza msongo wa mawazo, na chuo kinaweza kukianzisha bila kununua kifaa chochote. Ila kikigeuzwa kuwa kifuniko cha ratiba mbovu na lugha chafu wanayotolewa wanafunzi wodini, kitashindwa, na kitakuwa kimestahili kushindwa.

Kwanza tuelewane kuhusu msongo wenyewe. Mwanafunzi wa uuguzi huingia wodini katika umri ambao wenzake wa fani nyingine bado wanahangaika na madaftari peke yake. Anaweza kukosa mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji huku mama mzazi akimkodolea macho mikononi. Anaweza kujichoma na sindano iliyokwisha kutumika, akalazimika kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72 na kuzimeza kwa siku 28, huku mitihani ikiendelea na akiona aibu kumweleza hata mwenzake wa kitanda cha jirani. Anaweza kuagizwa kusaidia kuandaa mwili wa mgonjwa ambaye asubuhi ileile alimlisha uji. Kazi hiyo ina hatua zake: kufumba macho, kutoa kanula na mpira wa mkojo, kufunga taya kwa bendeji, kunyoosha viungo kabla havijakakamaa, kuandika jina na kulifunga mwilini ili asije akachanganywa na mwingine. Hatua hizo zote zinafundishwa darasani na zinatahiniwa. Hakuna kipindi kinachomfundisha afanye nini jioni, akiwa amekwisha kunawa na kurudi hosteli, na picha ile haijamtoka.

Mwili wake hauna namna ya kutofautisha hofu ya mtihani wa vitendo na hofu ya kukimbizwa na nyati. Ubongo huamrisha tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimwage adrenalini na kotisoli, homoni za msongo. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda katika damu, usingizi unakuwa wa kuibia. Hali hiyo ikidumu siku moja haina madhara, kwa kweli humsaidia mtu kuwa makini. Ikidumu muhula mzima inakula kumbukumbu, inavuruga hedhi, inashusha kinga, na inamfanya kijana aliyeipenda kazi aanze kuwajibu wagonjwa kwa ukali.

Sasa tuje kwenye kicheko. Mtu anapocheka kwa sauti, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na misuli ya mbavu hukaza na kulegea kwa haraka, hewa iliyotuama mapafuni husukumwa nje, mapigo ya moyo na presha hupanda kwa muda mfupi, kisha vyote hushuka na misuli hubaki imelegea. Mwaka 1989 Lee Berk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, Marekani, walichapisha utafiti mdogo sana wa wanaume 10 wenye afya. Nusu yao walitazama filamu ya vichekesho kwa saa moja, na kotisoli ilishuka zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Watu 10 si hoja ya kusimamia. Lakini mwaka 2023 Kramer na Leitao walikusanya tafiti 8 zenye washiriki 315 kwa jumla na kukuta kuwa kicheko cha kweli, kile kinachochochewa na jambo la kuchekesha, kiliambatana na kushuka kwa kotisoli kwa karibu asilimia 32 zaidi ya shughuli za kawaida. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake nao walionesha kuwa watu waliocheka pamoja waliweza kuvumilia maumivu zaidi baadaye, jambo wanalolihusisha na endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu.

Neno la kuzingatia hapo ni «pamoja». Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyekaa miaka akisikiliza watu wakicheka mitaani na madukani, aligundua kuwa mtu huelekea kucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba vicheko vingi havitanguliwi na mzaha wowote bali maneno ya kawaida kabisa, kama vile «haya, tutaonana». Kwa maoni yangu huu ndio msingi wa tiba yote. Mwanafunzi aliyejifungia chumbani akitazama klipu za vichekesho kwenye simu anapata sehemu ndogo tu ya faida. Aliyekaa na wenzake saba waliotoka zamu moja naye anapata iliyobaki.

Mtindo unaojulikana sana ni yoga ya kicheko, ya daktari Madan Kataria wa Mumbai, India. Machi 1995 alianza kukutana alfajiri na watu wanne katika bustani ya mji ili wacheke. Mwanzoni walisimuliana vichekesho, lakini baada ya siku chache vilikwisha na vilivyobaki vilianza kuwaudhi baadhi yao. Ndipo akashauri wacheke bila sababu: waigize kicheko, watazamane machoni, na kicheko cha kuigiza kigeuke chenyewe kuwa cha kweli. Mkewe Madhuri, aliyekuwa mwalimu wa yoga, akaongezea upumuaji wa kina. Kipindi kina makofi yenye mdundo wa «ho ho, ha ha ha», pumzi ndefu, michezo ya kitoto, na kisha vicheko vyenyewe vyenye majina: cha salamu, cha simba ambapo ulimi hutolewa nje na macho kupanuliwa, cha simu ambapo mtu anajifanya amepigiwa habari ya kuchekesha. Siku ya Kicheko Duniani, iliyoanza 1998, sasa huadhimishwa Jumapili ya kwanza ya Mei, siku chache kabla ya Siku ya Wauguzi ya tarehe 12, na ningependa kuona vyuo vyetu vinaziunganisha hizo mbili.

Kuhusu wanafunzi wa uuguzi hasa, Iran na Uturuki zimetangulia. Utafiti wa Isfahan uliochapishwa 2014 uliwapa wanafunzi wa kiume wa uuguzi vipindi vya yoga ya kicheko mara mbili kwa wiki, na alama zao katika hojaji ya afya ya jumla zikawa nzuri kuliko za kundi linganishi, yaani wenzao wasiopewa vipindi hivyo. Ni kundi dogo, la jinsia moja, katika chuo kimoja. Naleta mfano huo ili tujue pa kuanzia, si ili mtu aubebe kama mhuri.

Na msidhani jambo hili ni geni kwetu. Watani wamekuwa wakiingia misibani tangu enzi za mababu, Mngoni kwa Mhehe, Mnyamwezi kwa Mzaramo, wakizuia jeneza mpaka walipwe, wakivaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake, hadi mjane aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kichwa anajikuta ametabasamu. Hakuna anayesema mtani amedharau msiba. Ana ruhusa, ana mipaka, ana wakati wake wa kuanza na wa kunyamaza. Wazee waliotunga utaratibu huo walijua kuwa huzuni isiyopewa nafasi ya kupumua humlaza mtu. Nadhani tiba ya kicheko vyuoni itafaulu hapa nchini kwa kadiri itakavyofuata utaratibu wa utani kuliko kwa kunakili picha za bustani za Mumbai.

Karibuni tujadili.

Zamu ya Usiku

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na nimesoma uzi wako wote kwa makini kwa kuwa unatuhusu sisi.

Naomba niseme jambo ambalo wengi wetu hatuthubutu kulisema mbele ya wakufunzi. Kinachotuumiza zaidi si maiti wala damu, kwa sababu hayo tulijua tunayafuata. Kinachotuumiza ni kukaripiwa mbele ya mgonjwa unayemhudumia, ukaitwa mjinga kwa kuwa umesahau kuandika mkojo kwenye chati ya vimiminika, na mgonjwa huyo kuanzia hapo anakataa umguse. Kinachotuumiza ni kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi na kutakiwa darasani saa tatu. Kinachotuumiza ni kitabu cha mazoezi ya vitendo ya wodini ambacho muuguzi anakataa kukisaini kwa sababu tu hukumnunulia chai. Katika hali hiyo, mtu akija kuniambia nisimame kwenye duara nipige makofi na kusema ho ho ha ha, nitahisi ananidhihaki. Wewe mwenyewe ungecheka, mwalimu?

Mkufunzi wa Kliniki

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kusema bila kuficha.

Katika mazingira uliyoyaeleza nisingecheka, na nisingekubali mtu anilazimishe. Ndiyo maana nimeweka neno hiari kabla ya mengine yote. Kuna mambo ambayo chuo kinapaswa kuyarekebisha kwa maandishi na kwa ratiba, na hakuna kicheko kinachoweza kushika nafasi yake: aliyetoka zamu ya usiku apewe siku ya kulala, makosa ya mwanafunzi yasahihishwe pembeni ya pazia na si juu ya kitanda cha mgonjwa, na kusaini kitabu cha mazoezi kusiwe fadhila. Muuguzi anayedai chai ili asaini anaomba rushwa, na ripoti yake ipelekwe kwa muuguzi mfawidhi na kwa mratibu wa mafunzo. Chuo kinachoanzisha kikundi cha kicheko bila kugusa hayo kinawaambia wanafunzi kwamba tatizo ni mioyo yao dhaifu, na hilo si kweli.

Hata hivyo, ratiba ikishanyooka, vifo vitabaki. Mtoto atakayefariki mikononi mwako mwaka wa tatu hatazuiwa na ratiba nzuri. Hapo ndipo ninapotaka uwe na mahali pa kwenda na watu wa kwenda nao, na wawe wamekwisha kuzoea kuwa pamoja kabla ya siku hiyo kufika.

Kwa vitendo, hivi ndivyo ninavyopendekeza. Kikundi kiongozwe na wanafunzi wa mwaka wa juu waliofunzwa, kamwe kisiongozwe na mkufunzi anayetoa alama, kwa kuwa hakuna anayecheka kwa uhuru mbele ya mtu aliyeshika kalamu nyekundu. Pasiwe na daftari la mahudhurio. Kipindi kiwe cha dakika kama 30, mara mbili kwa wiki, jioni ya siku za wodi, kabla ya chakula na si baada yake. Viti visukumwe ukutani, viatu vya wodi vivuliwe, simu ziwekwe mbali. Wanaoanza huona aibu sana dakika za mwanzo. Wanaziba midomo kwa viganja, wanaangalia sakafu, msichana mmoja anajificha nyuma ya mwenzake mrefu. Hilo lisiwatishe viongozi, kwa sababu karibu kila mara ni yule anayejificha ambaye kicheko chake kikimponyoka kinawaambukiza wote.

Zoezi ambalo wanafunzi hulipenda kuliko yote ni la makabidhiano ya zamu. Wawili wanasimama, mmoja anamkabidhi mwenzake wodi nzima kwa kicheko bila neno hata moja: kitanda cha kwanza kicheko kifupi, cha pili kirefu chenye kusitasita, cha tatu anashika kichwa. Anayepokea anajibu kwa kicheko kana kwamba anaandika kila kitu. Kwa anayejua uzito wa makabidhiano halisi, ambapo kusahau dozi moja kunaweza kumgharimu mtu maisha, kupata dakika tano za kuyafanya bila woga kuna maana ambayo mtu wa nje hawezi kuiona mara moja.

Mwisho wa kipindi, na hili lisirukwe, watu wakae kimya wakipumua kwa dakika chache, kisha anayetaka kusema aseme. Mara nyingi machozi huja hapo. Yaachwe yaje.

Mama wa Wodi

Nimekuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya upasuaji kwa miaka mingi na ninaunga mkono, lakini kwa tahadhari ambazo naomba zisomwe na kila mwanafunzi anayepita hapa.

Kicheko kifanyike mbali na wodi. Mgonjwa aliyelala na mguu uliokatwa jana akisikia vicheko dirishani, ataamini kwamba anachekwa yeye. Ndugu waliokaa benchi wakisubiri majibu wataamini hivyohivyo, na hutaweza kuwaeleza ukaeleweka. Nimeshuhudia ugomvi mkubwa ukizuka kwa sababu wauguzi wawili walicheka jambo lao wenyewe karibu na familia iliyokuwa imetoka kupewa taarifa ya kifo.

Pia kuna mzaha wa wodini, ule tunaoambiana chumba cha chai usiku wa manane. Unatusaidia, siukatai. Lakini ukianza kumhusu mgonjwa, jina lake, harufu yake, ujinga wake, basi umeacha kuwa tiba na umekuwa sumu, kwa sababu anayezoea kumcheka mgonjwa chumba cha chai atamdharau kitandani. Mwanafunzi anajifunza hili kwetu sisi wakubwa kabla hajajifunza kwa yeyote. Kikundi cha kicheko kiwe na sheria hiyo moja tangu siku ya kwanza: hatumcheki mgonjwa, hatumcheki mwenzetu, tunacheka pamoja.

Na kuhusu usalama, kucheka kwa nguvu kunaongeza shinikizo tumboni na kifuani. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, ukiwemo wa kujifungua, asubiri apone. Mwenye ngiri, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye kifafa kisichotulia na mjamzito wa miezi ya mwisho waulize daktari kwanza. Wanafunzi wetu wengine ni akina mama waliotoka kujifungua na kurudi chuoni haraka, msiwasahau.

Mwana wa Ihangiro

Wakuu, nimesubiri nione kama kuna atakayeitaja Kashasha, ile shule ya kwetu, na naona mnaizunguka. Mimi ni mtu wa Muleba. Mnazungumzia kuwakusanya mabinti wa bweni wenye msongo na kuwafanya wacheke kwa kuambukizana, ilhali sisi tunajua ilivyokuwa mwaka 1962. Je, hamuogopi?

Mkufunzi wa Kliniki

Mkuu, umeleta hoja nzito kuliko zote na inastahili nafasi yake, hasa kwa vijana ambao hawajawahi kuisikia.

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha walianza kucheka na wakashindwa kujizuia. Hali ikaenea hadi kuwapata wanafunzi 95 kati ya 159. Wengine ilidumu saa chache, wengine ikawarudia hadi siku 16. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, na mabinti waliporudishwa makwao hali ikawafuata. Katika kijiji cha Nshamba watu zaidi ya 200 walipatwa katika Aprili na Mei. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakupata kirusi wala sumu katika chakula. Hakuna aliyekufa. Na jambo ambalo mimi hulikazia kila ninapolifundisha ni hili: hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa.

Magazeti ya nje yamekuwa yakiisimulia habari hii kama kioja cha watu waliokufa kwa kucheka, na wanaikosea sana. Haikuwa furaha. Mabinti wale walicheka na kulia kwa kupokezana, walihangaika, walisema wanaogopa kitu kinachowakimbiza. Mtaalamu wa isimu, Christian Hempelmann, aliyeifuatilia miaka mingi baadaye, aliihusisha na msongo wa mawazo: wasichana wadogo, mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali ya bweni, katika nchi iliyokuwa inabadilika kila kitu kwa mara moja, wasio na njia nyingine ya kusema kuwa wameelemewa. Wenye mamlaka hawakupatwa kwa sababu mzigo haukuwa juu yao.

Kwa hiyo kwangu Kashasha haitukatazi kutumia kicheko. Inatuonya kuhusu bweni. Inatuambia kwamba vijana wakibanwa bila sauti, mwili utatafuta sauti wenyewe, na hautachagua wakati wala mahali. Tofauti kati ya kilichotokea kule na tunachopendekeza iko katika uwezo wa kuacha: kipindi chetu kina saa ya kuanza na ya kumaliza, anayetaka kutoka anatoka, na kila kicheko kinafuatwa na ukimya. Kiongozi akiona mshiriki anacheka na kushindwa kusimama, au kicheko kimegeuka kilio kisichotulia, anasimamisha zoezi, anamtoa nje taratibu na mwenzake mmoja, anampa maji, anampumulisha polepole, na kesho yake anampeleka kwa mshauri nasaha au kitengo cha afya ya akili. Huyo hahitaji vipindi zaidi vya kicheko. Anahitaji kusikilizwa na mtu mwenye ujuzi, na chuo kisichokuwa na mtu huyo kinapaswa kumtafuta katika hospitali ileile wanayojifunzia.

Meza ya Takwimu

Mimi hushauri wanafunzi kuhusu tafiti za kuhitimu, na najua fika kwamba baada ya uzi huu baadhi yao wataichukua mada hii kuwa ripoti yao. Naomba niwaokoe mapema.

Kwanza, hojaji inayotumika sana kupima msongo, ile ya Sheldon Cohen ya mwaka 1983, katika toleo lake la maswali 10 huleta alama kati ya 0 na 40, na huchukuliwa kuwa 0 hadi 13 ni msongo mdogo, 14 hadi 26 wa kati, 27 na kuendelea mkubwa. Maswali yake yanauliza hali ya mwezi mzima uliopita. Mtu anayempima mwanafunzi Jumatatu na kumpima tena Ijumaa anampima mwezi uleule mara mbili. Acheni angalau wiki nne zipite katikati.

Pili, msipime mara ya kwanza wiki ya mitihani na mara ya pili wiki ya likizo. Alama zitashuka hata kama kikundi kilikuwa kinakaa kimya kikitazama ukuta. Wekeni kundi linganishi: wagawanyeni waliojiandikisha kwa kura, nusu waanze sasa na nusu waanze baada ya wiki nne, wote wapimwe siku zilezile. Hakuna atakayenyimwa huduma, na matokeo yatakuwa na maana.

Tatu, kwa wenye uwezo wa kupima kotisoli kwenye mate: homoni hiyo hupanda sana alfajiri na kushuka yenyewe hadi usiku. Ukichukua mate asubuhi kabla ya kipindi na jioni baada ya kipindi, umepima jua kuchwa. Saa iwe ileile kwa kila mtu na kwa kila siku.

Na ndugu mwanzisha uzi, umewatendea haki wasomaji kuhusu udogo wa tafiti, lakini uongeze hili: asilimia 32 uliyoitaja inahusu kicheko cha kweli, wakati vikundi unavyopendekeza vinaanza na cha kuigiza.

Mkufunzi wa Kliniki

Hoja imepokelewa, na ni sahihi. Kuhusu cha kuigiza, mapitio ya van der Wal na Kok ya mwaka 2019 yaliona kuwa tiba za kicheko zisizotegemea vichekesho zilionesha matokeo makubwa kuliko zile za kuchekeshwa, ila waandishi wenyewe walisema ubora wa tafiti nyingi ni hafifu. Ninachokichukua hapo ni ruhusa ya kujaribu kwa uangalifu, kwa kuwa gharama ni ndogo na hatari zinajulikana. Mwenye mfadhaiko mkubwa au mawazo ya kujidhuru asipelekwe kwenye duara la kicheko kama badala ya matibabu, na hilo viongozi wa vikundi walijue kabla ya kujua zoezi lolote.

Nimetumiwa pia ujumbe na mdau anayehofia kuwa yoga inagongana na imani yake. Iitwe mazoezi ya kicheko na upumuaji, yaondolewe maneno yoyote yasiyowafaa wahusika, na vipindi visigongane na saa za swala wala ibada. Hakuna kitu katika kukaza kiwambo kinachodai dini fulani.

Zamu ya Usiku

Mwalimu, nimesoma majibu yote, na nimeelewa kwamba hutuambii tucheke ili tunyamaze. Nimezungumza na wenzangu wa rotesheni ya watoto. Tuko tayari kuanza wenyewe jioni za siku za wodi, na tumemwomba dada mmoja wa mwaka wa tatu atuongoze. Wakati huohuo tumeandika barua kwa mratibu kuhusu siku ya kulala baada ya zamu ya usiku.

Swali langu ni moja. Mwenzetu ana pumu, na kila akicheka sana anakohoa. Anatamani kushiriki. Tumfanyeje?

Mkufunzi wa Kliniki

Mmefanya vyema kuandika barua. Wekeni nakala.

Kwa mwenye pumu, kicheko kikali ni miongoni mwa vinavyoweza kubana njia zake za hewa, na pumu inayochokozwa kirahisi na kicheko mara nyingi inaonesha kuwa haijadhibitiwa. Kwa hiyo kwanza aende kliniki, aangaliwe kama anatumia dawa yake ya kuvuta ya kila siku inavyotakiwa, na si ile ya dharura peke yake. Akishatulia ashiriki: akae kwenye kiti karibu na dirisha, dawa yake ya dharura iwe mfukoni mwake na si kwenye begi bwenini, afanye vicheko vya midomo imefungwa na vya tabasamu, apumzike wenzake wanapofika kwenye cha simba. Akianza kukohoa, mmoja wenu akae naye. Na mumchague kuongoza sehemu ya upumuaji mwishoni, kwa sababu mtu mwenye pumu kwa kawaida anaijua pumzi yake kuliko sisi wengine wote.